NYWELE ZA KUPANDIKIZWA: JE, ZAMFAA KIJANA MWANAMICHEZO?

Katika mji wa Busia mpaka wa Uganda na Kenya hupita katikati ya watu wasemao lugha moja, wauzao samaki wa ziwa moja na kuoana siku zote. Upande wa Uganda kuna mtaa wa Sofia, upande wa Kenya kuna Marachi, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi mwezi wa Februari 2018, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Vinyozi wako pande zote mbili. Aghalabu kinyozi ndiye mtu wa kwanza kumpa kijana habari ambayo watu wa nyumbani wameiona siku nyingi wakanyamaza.

"Kaka," humwambia huku akipuliza nywele kutoka kwenye mashine, "siku hizi paji lako linapanda mlima."

Msomaji na amfikirie konstebo mmoja wa Tororo mwenye umri wa miaka 23. Jina lake si kitu, kwa kuwa walio kama yeye ni wengi. Anakimbia mita 1,500 na mbio za nyika. Alfajiri huonekana katika barabara ya Malaba, akipishana na malori yaliyopanga foleni, na jioni hurudi kwa njia ya chini ya jabali la Tororo. Mapafu yake ni mazima na miguu yake ni myepesi, lakini nywele zake zimekwisha kurudi nyuma pande zote mbili za paji, na utosini ngozi inaonekana jua likiwa kali. Katika mashindano watoto wa shule waliojipanga kando ya njia humpigia kelele, "Mzee, kaza mwendo!" Yeye hucheka pamoja nao. Usiku, mkewe akiwa amelala, hutazama katika simu picha za vichwa vilivyokuwa vitupu na sasa vimejaa nywele, na chini yake majina ya hospitali za Istanbul na Nairobi.

Anayo akiba. Ni fedha alizozitenga kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama yake.

Yafaa isemwe mapema kwamba huzuni ya kijana huyu si upuuzi. Wapo wakubwa kazini watakaomwambia kwamba askari hana haja ya kujitazama kwenye kioo, na pengine wakubwa hao wenyewe hupaka nywele zao rangi nyeusi kila mwisho wa mwezi. Andre Agassi wa Marekani, mmoja wa wachezaji hodari kabisa wa tenisi duniani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2009 kwamba zile nywele ndefu alizosifiwa nazo ujanani zilikuwa za bandia. Usiku wa kuamkia fainali ya mashindano ya Ufaransa ya mwaka 1990 nywele hizo zilianza kuachana, zikashikizwa kwa pini. Kesho yake aliingia uwanjani akiomba zisianguke mbele ya watu. Alishindwa na Andrés Gómez wa Ecuador. Taji hilohilo alikuja kulitwaa mwaka 1999, kichwa chake kikiwa kimenyolewa. Naye Wayne Rooney wa Uingereza, ambaye picha zake zilibandikwa katika vibanda vingi vya kuonyeshea mpira pande zote mbili za mpaka, alitangaza mwenyewe mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 25, kwamba amepandikizwa nywele. Tangu hapo jambo lililokuwa likifanywa kwa siri likawa gumzo la kila baraza.

UPARA HUTOKA WAPI

Kambini zipo hadithi nyingi. Mmoja husema ni bereti, mwingine husema ni kofia ya chuma, wa tatu husema ni maji ya kisima fulani. Bereti haihusiki. Kofia haiiti upara wa namna hii, na kukimbia wala kutoka jasho hakuuiti. Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele zipatazo laki moja, na kila siku nywele kati ya 50 na 100 huanguka zenyewe na nyingine huota mahali pake. Upara wa wanaume huja pale ambapo mashina ya nywele za mbele na za utosini, kwa sababu ya urithi, hayaivumilii homoni moja itokanayo na homoni ya kiume. Kila msimu wa kuota, shina hutoa unywele mwembamba kuliko wa kwanza, mpaka mwishowe hutoa laika isiyoonekana. Mwaka 1942 daktari James Hamilton wa Marekani alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara. Lakini walipopewa homoni ya kiume, wale ambao jamaa zao walikuwa na upara nao wakaanza kuupata.

Wazee husema, "Mtazame mjomba wako utajijua." Wazee hawakukosea sana, maana sehemu moja kubwa ya urithi huo hutoka kwa mama. Lakini si yote; baba naye huchangia, na ndugu wawili wa tumbo moja waweza kutofautiana kabisa.

Hata hivyo si kila kichwa kinachopoteza nywele kina upara wa urithi, na hapa ndipo vijana wengi hupoteza fedha bure. Homa kali, kama ile ya malaria, yaweza kuangusha nywele nyingi miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mgonjwa amekwisha sahau kwamba aliugua. Mwanamke huona hali hiyohiyo baada ya kujifungua. Mwanariadha anayejinyima chakula ili apunguze uzito, au aliyepungukiwa na madini ya chuma mwilini, naye hupukutika nywele, na tiba yake ni sahani ya maharage, dagaa na mboga za majani, pamoja na kipimo cha damu. Mapunye husababishwa na kuvu na yana dawa yake ya kumeza. Kaswende nayo huweza kunyofoa nywele mabaka mabaka, kana kwamba nondo wamekula blanketi. Kipimo chake ni cha bei nafuu, na askari aliyeiona hali hiyo asione haya kukitafuta, yeye pamoja na mwenzi wake. Na yapo mabaka ya duara yanayotokea ghafla, ngozi yake laini kama yai, ambayo mara nyingi hurudisha nywele yenyewe. Kumpandikiza nywele mtu mwenye lolote kati ya hayo kabla ugonjwa wenyewe haujatibiwa ni kupanda mbegu katika shamba linalowaka moto.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYWA

Upandikizaji hauongezi nywele hata moja. Huhamisha zilizopo. Nywele za kisogoni na za juu ya masikio haziidhuriki homoni ile, nazo huendelea na tabia hiyo hata zikipelekwa mahali pengine. Daktari Okuda wa Japani aliandika habari za kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele mwaka 1939, lakini vita vikaifunika kazi yake. Daktari Norman Orentreich wa New York alianza kuwatibu wenye upara kwa njia hiyo mwaka 1952, akachapisha matokeo yake mwaka 1959. Katika siku zile vipande vilikuwa vikubwa, na kichwa kilichopona kilifanana na burashi.

Siku hizi zipo njia mbili. Katika ya kwanza hukatwa ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, jeraha hushonwa, na ukanda hugawanywa chini ya darubini kuwa vipandikizi vidogo sana, kila kimoja kina unywele mmoja hadi minne. Katika ya pili kila kipandikizi hung'olewa peke yake kwa chombo cha mviringo chenye upana wa kama milimita moja. Kichwa hutiwa ganzi, mgonjwa yu macho, na kazi hiyo ya vipandikizi elfu moja na zaidi humaliza siku nzima.

Sasa, nywele za Mwafrika zina jambo lake. Shina la unywele wetu halikunyooka. Limepinda chini ya ngozi kama jinsi unywele wenyewe ulivyojikunja juu. Chombo kinachoingia wima hulikata shina katikati, na shina lililokatwa ni hasara, halioti huku wala kule. Kwa hiyo yahitajika fundi aliyezoea vichwa vya watu weusi, si yule aliyejifunzia vichwa vya Wazungu peke yake. Kinyume chake, unywele uliojikunja hufunika ngozi vizuri zaidi, na kwa hivyo vipandikizi vichache huleta sura ya nywele nyingi.

La pili ni kovu. Wako watu ambao jeraha dogo tu, kama la kutoga sikio au chanjo ya begani, huacha kovu nene lililotuna na linaloendelea kukua. Mtu wa namna hiyo akikatwa kisogoni huweza kuishia na mgongo wa kovu kutoka sikio hadi sikio. Daktari mwangalifu humwuliza mgonjwa juu ya makovu yake, humtazama mwili, na pengine hupandikiza nywele chache tu za majaribio na kungoja miezi kadhaa. Daktari asiyeuliza neno juu ya makovu ameonyesha alivyo.

La tatu lawahusu askari hasa. Vipele vigumu vya kisogoni, ambavyo huwapata wanaume wengi wanaonyolewa hadi ngozini na kusuguliwa na kola ya shati au ukanda wa kofia ya chuma, huota mahali palepale ambapo mbegu ya nywele yatakiwa kutolewa. Hivyo hutibiwa kwanza. Na aliyenavyo amwambie kinyozi aache nywele fupi badala ya kufuta kabisa, na mashine isafishwe kwa dawa kabla haijahamia kwake kutoka kwa mwingine, kwa ajili ya vipele na pia kwa ajili ya maradhi ya damu.

Tena, konstebo wa Tororo na akumbuke kwamba kazini nywele hukatwa fupi. Njia ya ukanda huacha mstari, na njia ya pili huacha vitone vyeupe vingi, ambavyo katika ngozi nyeusi huonekana waziwazi nywele zikinyolewa. Mtu aliyepandikizwa amejifunga. Uhuru wa kunyoa kipara safi siku atakayochoka hauko tena kama ulivyokuwa.

MIAKA 23 NI MICHACHE MNO

Madaktari wengi wa kazi hii husita kumgusa kijana asiyetimiza miaka 25, na sababu yao si ya kuchuma fedha, kwani wangeweza kumpokea. Upara wa kijana haujafika uendako. Akipandikizwa leo sehemu ya mbele, nywele alizohamishiwa zitabaki, lakini zile zake mwenyewe zilizo nyuma yake zitaendelea kuanguka, na akifika miaka 35 atakuwa na kisiwa cha nywele kwenye paji na bahari tupu nyuma yake. Atahitaji kupandikizwa tena. Lakini akiba ya kisogoni ina kikomo. Ikiisha imekwisha, hakuna pa kukopa. Kijana hutaka paji la mvulana wa miaka 16, daktari mwema humchorea paji la mtu mzima, na hapo ndipo wengi huondoka kwa hasira wakamtafute atakayekubali.

Na wa kukubali hawakosekani. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upandikizaji wa nywele kimekuwa kikionya juu ya vituo ambavyo kazi ya kukata hufanywa na watu wasio madaktari, huku jina la daktari likiwa mlangoni tu. Aendaye mbali hurudi nyumbani baada ya siku chache. Kichwa kikitunga usaha, ni hospitali ya Tororo au ya Busia itakayompokea, wala si yule aliyelipwa.

Kwa mkimbiaji hesabu ya siku nayo ni nzito. Siku kumi za kwanza vipandikizi havijashika. Kofia yenye kubana, jasho jingi au kujigonga huweza kuving'oa. Mazoezi mazito huachwa majuma mawili, na kwa aliyeshonwa kisogoni kunyanyua vyuma huachwa zaidi ya mwezi, kovu lisije likatanuka. Jua la mchana huepukwa. Askari wa zamu ya kutuliza ghasia hawezi kumwambia mkuu wake, "Afande, kofia ya chuma siivai mwezi huu, nimepanda nywele." Hana budi kuomba ruhusa mapema. Kisha, kati ya juma la pili na la sita, nywele zilizopandikizwa huanguka karibu zote. Asiyeambiwa hudhani ameibiwa. Huanza kuota tena mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili haionekani kabla ya mwaka mmoja. Kijana aliyefanya hivyo mwanzoni mwa msimu amejinunulia msimu mzima wa kukimbia akiwa na kichwa kibaya kuliko cha kwanza.

DAWA NA KIPIMO CHA MKOJO

Hapa pana hatari ambayo wauza dawa hawaitaji. Mwaka 2005 dawa ya kuzuia upara iitwayo finasteride iliwekwa katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, kwa kuwa iliweza kuficha dawa nyingine. Zach Lund, Mmarekani wa mchezo wa kuteleza barafuni, alikuwa akiimeza kwa miaka mingi na kuiandika wazi katika fomu zake. Hakuitazama orodha mpya. Mwezi wa Februari 2006, michezo ya Olimpiki ya Torino ikianza, alifungiwa mwaka mmoja na kurudishwa nyumbani. Dawa hiyo iliondolewa katika orodha tarehe 1 Januari 2009 na leo mwanamichezo huruhusiwa kuitumia. Lakini spironolactone, ambayo wengine huandikiwa kwa ajili ya nywele, imekatazwa. Na tangu mwaka 2022, sindano zote za jamii ya kotisoni zimekatazwa wakati wa mashindano, hata zile zichomwazo katika kovu au katika ngozi ya kichwa. Vidonge vya prednisolone, ambavyo mara kwa mara hutolewa ili kupunguza uvimbe wa uso baada ya kupandikizwa, navyo vimekatazwa wakati huo. Mwenye haja nazo huomba kibali cha matibabu. Kosa likipatikana, mwanamichezo ndiye anayejibu, hata kama kidonge alipewa na daktari.

Homoni za kuongeza misuli ni haramu michezoni, nazo humharakishia upara yule aliyezaliwa nao. Anayezimeza ili akimbie, kisha akanunua dawa ya nywele, anajaza maji katika ndoo iliyotoboka.

Wake wa askari wasikilize neno hili: mwanamke mwenye mimba asishike vidonge vya finasteride vilivyovunjika, kwa maana dawa hiyo yaweza kumharibu mtoto wa kiume viungo vyake tumboni. Wanaume wachache huipunguza hamu ya ndoa, na mume akiyaona hayo amwambie daktari badala ya kumnunia mkewe. Dawa ya kupaka iitwayo minoxidil, ambayo asili yake ilikuwa dawa ya shinikizo la damu, iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya upara mwaka 1988. Huchukua miezi minne hivi kuonyesha kazi. Zote mbili zikiachwa, nywele zilizookolewa huondoka. Ama zile kopo zisizo na maandishi, zinazovushwa mpakani zikiwa zimefungwa katika kanga, ndani yake mnaweza kuwa na chochote.

Na kwa kuwa wake wametajwa, kunyonyoka kwa nywele za pembeni mwa paji kwa akina mama na askari wa kike si urithi. Ni kusuka kwa kukaza sana na kubandika nywele nzito za bandia. Kukilegezwa mapema nywele hurudi. Kukiendelea miaka mingi, shina hufa, na hapo haliamshwi kwa mafuta yoyote. Binti mdogo anayelia akisukwa asiambiwe avumilie.

Basi konstebo afanye nini? Jumamosi moja anamwonyesha mkewe zile picha za simuni. Mkewe anazitazama moja moja, bila kucheka.

"Baba Junior," anamwuliza, "hawa nao hukimbia?"

Hajui ajibu nini. Juma linalofuata anakwenda kwa tabibu wa ngozi, ambaye anampima damu, anamfunua mkono na kulitazama kovu la chanjo, anampapasa kisogo, na kumwambia apige picha ya kichwa chake kila baada ya miezi sita, mahali pamoja, mwanga uleule, kisha arudi akifika miaka 26. Kama atataka dawa ya kupaka, anamwandikia jina lake katika karatasi ili amwonyeshe mwalimu wa timu kabla ya kuinunua.

Jioni anapita Sofia kwa kinyozi wake. Anaomba nywele zishushwe sawasawa kichwa kizima, namba moja, kisogo kisiguswe na wembe. Kinyozi anamaliza, anamfuta shingo, anamletea kioo. Konstebo anampa simu na kusimama mbele ya ukuta wenye rangi ya buluu ampige picha ya kwanza. Mabati yatanunuliwa upande wa pili wa mpaka, iwapo bei ya huko bado ni nafuu.